Je, Meno ya Mtoto Huyu Yafungwe Waya?

Mhadhara kwa wazazi, walimu na watumishi wa afya, Arusha

  

Nimeombwa nijibu swali ambalo wazazi huniuliza wakiwa wamekwisha kusimama, mtoto kashikwa mkono, jino lililowaleta limekwisha kuzibwa: "Daktari, na haya yaliyopandana, tuyafunge waya?" Swali zito hilo huulizwa mlangoni, na mara nyingi hujibiwa mlangoni. Lengo langu leo ni kulirudisha mezani. Nataka kila mzazi aliyemo humu aondoke na njia ya kupima: meno yapi yanahitaji matibabu kwa kweli, yapi yaachwe, na yapi yasubiri.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu sasa. Swali la kwanza la kuuliza ni hili: meno haya yakiachwa yalivyo, yatamdhuru nini mtoto huyu? Wapo wanaolipa mamilioni ya shilingi kunyoosha meno ambayo yasingewadhuru hata wakifikia uzee. Na wapo watoto ambao jino limejificha ndani ya fizi na linakula mzizi wa jirani yake, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia wafungue kinywa. Mambo haya mawili yananiuma kwa pamoja, na naamini dawa yake ni moja.

Hoja ya kwanza: meno yasiyonyooka ni kawaida ya binadamu.

Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliofanywa Dar es Salaam, katika wilaya za Kinondoni na Temeke, kwa wanafunzi 1,601 wa miaka 12 hadi 14. Asilimia 63.8 kati yao walikutwa na angalau kasoro moja ya mpangilio wa meno. Iliyoongoza ilikuwa mstari wa katikati ya meno ya juu kutolingana na ule wa chini, asilimia 22.5. Ikafuata mianya ya milimita mbili au zaidi, asilimia 21.9. Lakini magego, ambayo ndiyo msingi wa kuumana kwa meno, yalikuwa yamekaana sawasawa kwa asilimia 93.6 ya watoto hao.

Tulieni kidogo na takwimu hizo. Karibu watoto wawili katika kila watatu wana "kasoro". Tukisema wote hao ni wagonjwa, basi tumeita ugonjwa kile ambacho ni sura ya watu. Mstari wa katikati ukisogea milimita mbili, mtoto anatafuna vilevile, anasema vilevile, anapiga mswaki vilevile. Kuhusu mwanya sina haja ya kuwafundisha watu wa pwani waliomo humu. Bibi zetu waliusifu kwa bibi harusi, na hadi leo yupo msichana anayeringa nao. Atakayetaka kuufunga ana haki yake, ila asiambiwe kwamba anatibiwa ugonjwa.

Kuna na mwanya wa umri, huu ndio unaowatia wazazi hofu zaidi. Mtoto wa miaka saba au minane anaota meno mapya ya mbele, makubwa, yametawanyika kama vidole vya mkono uliofunguliwa, na katikati pana nafasi. Mama anaona uso wa mtoto wake umeharibika. Kinachotokea ni kwamba chonge za juu ziko bado juu ndani ya mfupa, zinashuka, na zinapopita zinasukuma mizizi ya meno ya jirani, kwa hiyo ncha za meno hayo zinafunguka. Mtaalamu Broadbent wa Marekani alieleza hatua hii tangu mwaka 1937. Chonge zikishatoka, kati ya miaka 11 na 13, mara nyingi nafasi ile hujifunga yenyewe. Mzazi anayemfunga waya mtoto wa miaka minane kwa sababu ya mwanya huo peke yake analipia kazi ambayo ukuaji ungeifanya bure.

Hoja ya pili: tuulize kipimo kilitoka usoni kwa nani.

Fani ya kupanga meno kama tunavyoijua leo ilijengwa na Mmarekani Edward Angle. Mwaka 1899 alitoa mgawanyo wa kuumana kwa meno katika makundi matatu, akitazama jinsi gego la kwanza la juu linavyokaa juu ya lile la chini. Mgawanyo huo bado tunautumia, na ni wa manufaa. Lakini Angle aliamini pia kwamba ipo namna moja kamili ambayo meno ya kila mtu yanapaswa kukaa, na alipotafuta mfano wa uso ulio sawia aliielekeza dunia kwenye sanamu ya kale ya Apollo iliyoko Vatican. Baadaye, katikati ya karne ya 20, vilipotungwa vipimo vya pembe za taya na meno kwenye picha za eksirei, vipimo vilivyoenea zaidi vilitokana na nyuso za vijana Wazungu wa Marekani.

Wazazi wenzangu, hapa naomba mnisikilize kwa makini. Watu wengi wa asili ya Kiafrika meno yao ya mbele, ya juu na ya chini, yameelekea mbele kidogo, na midomo imejaa. Hivyo ndivyo tulivyoumbwa. Ukiuchukua uso huo ukaupima kwa vipimo vya Mzungu, karatasi itasema meno yamechomoza. Na tiba ya kawaida ya meno ya namna hiyo ni kung'oa magego madogo manne, mazima, yasiyo na tundu, kisha kuyavuta ya mbele yarudi nyuma. Yapo mazingira ambamo kung'oa huko ni sahihi: midomo haifungiki bila kukaza misuli ya kidevu, au msongamano ni mkubwa kupita kiasi, au kijana mwenyewe, akiwa na akili timamu na maelezo kamili, anataka. Lakini kung'oa meno manne mazima kwa sababu tu picha ya mtoto wa Meru hailingani na picha ya mtoto wa Chicago ni jambo ambalo mzazi ana haki ya kulikataa. Mkiambiwa meno yatang'olewa, ulizeni: yanang'olewa ili kuzuia nini? Na vipimo hivi ni vya watu gani? Daktari mwema hatakasirika kuulizwa.

Hoja ya tatu: kipo kipimo kinachouliza madhara, na mzazi anaweza kukielewa.

Mwaka 1989 wataalamu wawili wa Uingereza, Brook na Shaw, walichapisha kipimo cha uhitaji wa matibabu chenye madaraja matano. Daraja la kwanza halihitaji kitu. La tano linahitaji sana. Pembeni yake kuna picha kumi za meno, kuanzia ya kupendeza hadi isiyopendeza, za kupimia mwonekano. Huduma ya afya ya umma ya Uingereza inakitumia kuamua nani atibiwe kwa fedha za wananchi. Aliye chini ya miaka 18 akiwa daraja la nne au la tano anatibiwa. Wa daraja la tatu anatibiwa kama mwonekano umefikia picha ya sita au zaidi. Chini ya hapo, anayetaka alipe mwenyewe. Nchi hiyo ina uwezo kuliko yetu, lakini imeona inafaa kuchuja.

Ninachokipenda katika kipimo hiki ni kwamba hakimtazami mtoto kwa jumla na kumhukumu. Kinatafuta jambo moja baya kuliko yote kinywani mwake na kuuliza ukubwa wake kwa milimita. Nitataja yale mnayoweza kuyaona nyumbani.

La kwanza ni meno ya juu yaliyotangulia mbele. Mwambie mtoto aume kwa magego, kisha pima kwa rula kutoka uso wa jino la chini la mbele hadi ukingo wa jino la juu. Milimita mbili au tatu ni kawaida. Ikizidi sita, ni daraja la nne. Ikizidi tisa, la tano. Sababu ni kuvunjika. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba mtoto ambaye umbali huo unazidi milimita tatu ana hatari takribani mara mbili ya kuumia meno ya mbele, na hatari inapanda umbali unapoongezeka. Walimu mnawajua watoto hao, ndio wanaoletwa ofisini baada ya mpira na kipande cha jino mkononi. Kwa watoto kama hao, kuanza mapema, kwenye miaka minane au tisa, kumethibitika kupunguza ajali za meno. Lakini tafiti hizohizo zinasema kwamba, ukiacha hilo la ajali, anayeanza mapema hapati matokeo bora kuliko anayetibiwa mara moja tu akiwa kijana.

La pili ni meno ya juu yanayoumana ndani ya yale ya chini, hasa kama taya inateleza upande mtoto anapofunga kinywa. Mwangalie akifunga polepole. Kidevu kikienda kushoto au kulia dakika ya mwisho, mpeleke, na usisubiri, kwa sababu taya inayokua ikiwa imepinda inazoea kupinda. La tatu ni meno ya chini yanayochoma kaakaa, au ya juu yanayokwaruza fizi ya chini hadi iteremke. La nne ni meno ambayo hayakuota kabisa. La tano ni mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, na hapa hakuna mjadala: mtoto huyo anahitaji timu ya madaktari tangu kuzaliwa, na mpangaji wa meno ni mmoja wao.

Msongamano, yaani meno kupandana, ndio unaoleta wazazi wengi, na ndio ulio na daraja la chini mara nyingi. Meno yakipishana chini ya milimita mbili hayazidi daraja la pili. Mpaka yapite milimita nne ndipo yanafika la nne. Pasipo maumivu, pasipo fizi kuharibika, msongamano mdogo ni suala la kupenda au kutopenda.

Hoja ya nne ni chonge, na nitakaa hapa muda kidogo.

Chonge za juu husafiri mbali kuliko meno mengine yote kabla ya kutoka. Kwa takribani watu wawili katika kila mia moja zinapotea njia. Mara nyingi huelekea upande wa kaakaa, zikakwama, na zikiwa zimekwama zinaweza kuyeyusha mzizi wa jino la mbele lililo jirani. Haliumi. Halivimbi. Mtoto anacheka na meno yamenyooka vizuri, na jino la utoto la chonge bado lipo mahali pake, hata watu wanamsifia. Siku jino la mbele linapolegea, mzizi umekwisha.

Sasa sikieni upande wa matumaini. Mwaka 1988 madaktari wawili wa Sweden, Ericson na Kurol, walitoa taarifa ya chonge 46 zilizokuwa zimeelekea kwenye kaakaa kwa watoto wa miaka 10 hadi 13. Waliwang'oa watoto hao chonge ya utoto tu, wakasubiri. Chonge 36 kati ya 46 zilirudi kwenye njia yake. Jino moja dogo la utoto, ganzi kidogo, dakika chache, na mtoto anaepuka upasuaji na miaka miwili ya waya. Lakini hilo linawezekana kwa wakati wake. Akifika na miaka 16, mlango huo umefungwa.

Namna ya kugundua ni kidole. Mtoto akiwa na miaka tisa au kumi, daktari au muuguzi aliyefundishwa anapapasa fizi ya juu, nje, juu ya chonge ya utoto, kulia na kushoto. Uvimbe mgumu wa jino linalokuja ukisikika pande zote mbili, vema. Ukisikika upande mmoja tu, au usiposikika kabisa mtoto akiwa amepita miaka kumi, ipigwe eksirei.

Nikiwa bado kwenye chonge, siwezi kuondoka mkoa huu bila kusema juu ya meno ya nailoni. Mnaelewa ninachosema. Mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi inaonekana nyeupe mahali chonge inapoandaa kutoka, na mtu anaambiwa hayo ni meno ya nailoni, yachimbuliwe. Yanachimbuliwa kwa kisu au spoku ya baiskeli. Wapo watoto waliopoteza maisha kwa damu na maambukizi. Waliopona, baadhi yao tunawapokea miaka kumi baadaye wakiwa hawana chonge ya kudumu, au ina umbo lililoharibika. Kile kinachochimbuliwa ni chonge ya utoto yenyewe, na kuhara kulikuwa na sababu nyingine iliyohitaji maji ya chumvi na sukari na kituo cha afya. Bibi zangu mliomo humu, neno lenu lina nguvu kuliko langu katika jambo hili. Naomba mlitumie.

Hoja ya tano: waya una gharama ambazo hazimo kwenye risiti.

Matibabu ya kawaida huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wakati mwingine zaidi, na kurudi kliniki kila baada ya wiki nne hadi nane. Anayetoka Monduli au Karatu ajumlishe nauli na siku za masomo. Waya ukikaa kwenye kinywa kisichopigwa mswaki vizuri huacha madoa meupe ya jino lililoanza kuoza, na madoa hayo hubaki baada ya waya kutoka. Mizizi hufupika, kwa kawaida kidogo, ila kwa watu wachache hufupika sana.

Na meno hurudi. Katika chuo kikuu cha Washington kule Seattle, Robert Little na wenzake waliwafuatilia watu waliong'olewa magego madogo na kunyooshwa meno. Miaka kumi baada ya kuacha vifaa vya kushikilia meno, chini ya theluthi moja walikuwa bado na meno ya mbele ya chini yaliyonyooka vya kuridhisha. Anayefunga waya leo ajue kwamba atavaa kifaa cha kushikilia usiku kwa miaka mingi, na mtu wa kukibadilisha kinapovunjika lazima awepo.

Wengine huambiwa meno yaliyonyooka hayaozi na hayapati ugonjwa wa fizi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2008 haukupata ushahidi wa kuaminika kwamba kupanga meno kunaboresha afya ya fizi. Mswaki, dawa ya meno yenye floraidi na kupunguza soda vinafanya kazi hiyo kwa bei ndogo. Wengine huambiwa magego ya mwisho yang'olewe yasije yakasukuma meno ya mbele. Ushahidi wa hilo ni dhaifu mno kuhalalisha upasuaji.

Jambo moja la kwetu hapa. Maji ya visima vingi kwenye miteremko ya Mlima Meru yana floraidi nyingi, mbali juu ya miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linashauri isivukwe. Meno ya kahawia ya vijana wetu yametokana na maji hayo. Vijana, najua mnavyoficha kicheko kwa kiganja. Waya hauondoi rangi hiyo, na gundi ya waya hushika kwa shida zaidi kwenye jino la namna hiyo. Kama kinachokuuma moyoni ni rangi, mwambie daktari hivyo, kwa sababu zipo tiba za rangi zilizo fupi na rahisi kuliko waya.

Hoja ya sita: mwenye kinywa aulizwe.

Mwaka 1981, mjini Cardiff, Wales, watafiti, Shaw akiwa mmoja wao, waliandikisha watoto 1,018 wa miaka 11 na 12. Miaka 20 baadaye waliwapata 337 kati yao. Waliofungwa waya walikuwa na meno mazuri zaidi na waliyaridhia zaidi. Lakini kukosa matibabu utotoni hakukuonekana kuwaachia wengine huzuni au kujidharau ukubwani. Kujithamini kwao kulitokana zaidi na mambo mengine ya maisha.

Siusomi utafiti huo kuwa ruhusa ya kumpuuza kijana anayetaniwa darasani. Kijana wa miaka 14 ambaye hacheki, hasomi kwa sauti, hapigi picha, ana shida ya kweli, na mwonekano ni sababu halali ya matibabu. Ninachosema ni kwamba shida hiyo aieleze mwenyewe. Mzazi akae pembeni, daktari amuulize mtoto: kinakusumbua nini, kioo unapotazama? Akijibu "hakuna," na hakuna hatari ya kiafya, msimsukume. Mtoto asiyetaka waya hapigi mswaki kuuzunguka, anaruka miadi, na fedha inapotea pamoja na meno. Na asiyetaka akiwa na miaka 12 anaweza kutaka akiwa na 25. Meno husogea katika umri wowote.

Ndugu Mwenyekiti, nimalizie kwa yanayoweza kuanza muhula ujao. Naomba kila shule iliyowakilishwa hapa itenge siku moja kwa wanafunzi wa Darasa la Tatu na la Nne, ambao wengi wana miaka tisa na kumi. Kazi za siku hiyo ni tatu: kupapasa chonge, kupima umbali wa meno ya mbele kwa rula, na kutazama kidevu mtoto anapofunga kinywa. Muuguzi mmoja na mwalimu wa afya anayeandika wanaweza kumaliza darasa zima kabla ya chakula cha mchana. Majina ya watakaoonekana na shida yaende kitengo cha kinywa na meno cha hospitali ya wilaya, na barua iende kwa mzazi ikieleza kilichoonekana na kwa nini asichelewe. Wengine wote wapewe mswaki na somo la mswaki.

Mimi na wenzangu tuko tayari kuwafundisha wauguzi na walimu kazi hii, Jumamosi, bila malipo. Karatasi ya kujiandikisha iko mezani karibu na mlango, na wazazi wenye watoto wa miaka tisa au kumi waliofika nao usiku huu wabaki kidogo, tuanze nao.